Koti la Daktari wa Ukingoni

Ngwali alikuwa ameshalivuka lango la Kitovu, mfuko begani, na bado madaktari walikuwa wanamfuata kwa nyuma wakimbembeleza.

Kosa lake lilikuwa kukohoa. Punje ya karanga ilimpalia asubuhi ile barazani kwa muuza kahawa, akakohoa kama anavyokohoa mtu yeyote, na kabla hajapata pumzi ya pili mmoja alikuwa ameshamkamata kiganja, mwingine anamfunua kope, na wawili wanagombana juu ya kifua chake, nani achukue upande wenye moyo. Katika mji wa Kitovu madaktari wamejaa kama kumbikumbi baada ya mvua. Wagonjwa ndio adimu. Mtu akiota jipu kalioni hupewa daktari wa usaha, daktari wa ngozi inayouzunguka usaha, na daktari wa kiti ambacho hawezi kukikalia. Jipu lenyewe hupona likiwa bado linajadiliwa.

Wa mwisho kukata tamaa alikuwa kijana mrefu, mwembamba, aliyesema anaitwa Daktari Fumbwe.

"Mzee wangu, hata kuharisha kidogo hakuna?"

"Hakuna, mwanangu."

"Fikiri vizuri."

"Nimefikiri tangu langoni."

Fumbwe akashusha mabega. Hapo ndipo Ngwali alipotambua jambo lililokuwa likimkera macho tangu afike mji ule: madaktari wote walivaa mashati matupu, hakuna mwenye koti jeupe hata mmoja. Akamwuliza makoti yao yako wapi. Fumbwe akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua huchomoza wapi.

"Yako kazini," akasema. "Langu liko Ukingoni. Ukipita huko, utanikuta."

Basi Ngwali akashika njia ya Ukingoni, maana alikuwa mtu wa miguu, haoni njia akaiacha. Kusoma alisoma kwa vipande: juzuu chache chuoni, herufi kwa fundi cherehani mmoja, hesabu za kujumlisha kwa karani wa shamba la mkonge. Kutoa hawakufika, karani alihamishwa. Ndiyo sababu hesabu ya nchi hii, ambayo jina lake ni Wastani, ilimpa taabu. Ile ilikuwa ya kugawanya.

Alikuwa ameisikia kwenye Baraza Kuu, alikoruhusiwa kukaa kwenye kiti cha wageni. Mjumbe mmoja wa mashamba, mama wa makamo, alisimama akalalamika kuwa kwao watu wanakufa kwa maradhi ambayo Kitovu hayahesabiwi hata kuwa maradhi. Waziri wa Uwiano alimjibu kwa upole sana. Alisema Serikali imechukua madaktari wote wa nchi, ikawagawanya kwa vijiji vyote vya nchi, ikapata daktari mmoja kwa kila kijiji na kipande kikabaki. Sasa huyu mama anayedai kwao hakuna daktari, anamtuhumu nani? Anaituhumu hesabu? Baraza likacheka, mama akakaa.

Mwingine akathubutu kuuliza kwa nini hao madaktari wasipelekwe huko na miguu yao. Waziri akaeleza kuwa mwili wa daktari ni kitu cha kuhurumiwa. Unahitaji umeme, unahitaji shule ya watoto, unahitaji maji ya barafu, na zaidi ya yote unahitaji madaktari wenzake wa kuwasengenya. Sheria ilishalitatua jambo hili zamani: daktari ana mwili na ana cheo. Kinachopangiwa kituo ni cheo. Mwili hukaa unapoweza. Na cheo, kama kila mtoto ajuavyo, hukaa ndani ya koti.

Mchana wote uliobaki Baraza lilijadili kama makoti yanayopelekwa sehemu za joto yaruhusiwe mikono mifupi.

Ukingoni alikuta zahanati nzuri, ya matofali, imepakwa chokaa. Ndani mlikuwa na meza, kiti, na koti limevalishwa mgongo wa kiti, jeupe pepepe, kola imesimama. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai kinafuka moshi.

"Daktari anaonana na watu," alisema mwanamke aliyesimama mlangoni. "Vua viatu."

Huyo ndiye Bi Mashavu, Mtunza Daktari. Kazi yake ilikuwa kumwanika Daktari juani, kumpiga pasi ya mkaa, kumwandalia chai na kuinywa kwa niaba yake. Wagonjwa walikaa kwenye benchi, wakaingia kwa zamu, wakaeleza shida zao mbele ya koti kwa heshima, wakatoka. Waliopona, ilisemwa Daktari kawaponya. Waliokufa, ilisemwa walichelewa kuja. Ngwali alitaka kucheka akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye. Watu wa Ukingoni si wajinga. Ni watu wa sheria, na hayo ni maradhi mengine.

Mume wa Bi Mashavu alikuwa Chande, mwashi wa nyumba, mtu wa mizaha, na ndiye aliyempa Ngwali pa kulala. Chande alikuwa na ngiri. Alikuwa nayo miaka mingi, imeshuka kinenani, anaifunga kwa kipande cha kanga akipanda ngazi, na ikichomoza sana anaisukuma ndani kwa kiganja kama mtu anayerudisha kuku bandani. Kila jioni alikwenda kumweleza Daktari, na kila jioni Daktari alimsikiliza.

"Huyu ndiye bi mdogo," Chande alimwambia mgeni akijipapasa. "Nimekaa naye vizuri. Hanuni, haombi nguo."

"Na hakupikii," akasema Bi Mashavu kutoka jikoni. "Akupikie leo tukuone."

Usiku ule bi mdogo alinuna. Asubuhi ngiri ilikuwa ngumu kama jiwe, imewiva wekundu, hairudi wala haiguswi. Chande alikuwa anatapika maji ya manjano, tumbo limejaa kama ngoma, hapati choo wala upepo. Aliacha mizaha, na hilo ndilo lililomtisha mkewe kuliko kutapika. Wakambeba mpaka zahanati, wakamlaza chini mbele ya kiti.

Mtendaji wa kijiji, Bwana Msabaha, alikuja akatazama, akaridhika. Mgonjwa yupo, Daktari yupo. Ngwali akamwambia huyu mtu akikaa hivi hafiki keshokutwa, apelekwe Kitovu, huko madaktari wanakimbizana na wapita njia. Msabaha akatikisa kichwa. Mgonjwa wa kijiji chenye daktari hapokelewi Kitovu, akasema. Huyo ni mtu aliyemkimbia daktari wake. Watamrudisha langoni na barua ya kumsuta.

"Basi apone kwa kulitazama koti?"

"Mzee Ngwali, wewe ni mgeni. Ulimi wako nao ungekaa kigeni."

Ngwali akaona damu inampanda. Akaligeukia koti, akaliamkia kwa kebehi, akauliza hadhirani, bila kumlenga mtu: "Na huyu bwana mkubwa naye akiugua, atatibiwa na nani?"

Alisema kwa kukomoa tu. Lakini Bi Mashavu, aliyekuwa anamfuta mumewe midomo, aliuacha mkono hewani.

"Mganga hajigangi," akasema taratibu.

Katika nchi ya Wastani huo si msemo wa vibarazani. Ni kifungu cha kwanza cha sheria ya madaktari. Mganga hajigangi, kwa hiyo daktari akiugua, wenzake waache kila walichoshika wamwendee popote alipo, na vifaa vyao vyote, na wasirudi mpaka apone. Kifungu hicho Bi Mashavu alikijua kwa moyo, kama alivyojua kile kinachofuata: mtunza atakayemdhuru daktari atahukumiwa kama aliyejeruhi mtu. Aliinuka, akaenda kuwasha mkaa.

Msabaha alidhani anakwenda kumpiga Daktari pasi kama kila siku. Bi Mashavu alilitandaza koti mezani, akalifunga vifungo, akalipapasa kutoka kifuani kushuka chini kama anayetafuta kitu, akapata mahali pake, upande wa kulia, chini ya mfuko. Akaweka pasi. Akaiacha. Harufu ya kitambaa ilipowafikia watu wa benchi walisimama wote. Alipoinyanyua pasi, palikuwa na tundu jeusi la kutosha kupitisha ngumi.

"Daktari ameungua," akasema. "Bwana Mtendaji, piga simu."

Msabaha alipiga. Huko Kitovu, inasemekana, mji ulilipuka kwa furaha. Mgonjwa mzima, tena mwenzao, tena mwenye jeraha. Waligombania nafasi kwenye magari, na wengine wakaning'inia nyuma na mikoba yao. Usiku mzima Bi Mashavu alimkanda mumewe kwa maji ya uvuguvugu na kumwambia wanakuja. Chande aliuliza nani. Akachovya kitambaa tena.

Walifika jua halijawa kali: magari yenye dawa, mitungi, visu, taa, vitanda vya kukunja, na madaktari kila mahali, na mbele yao Profesa Shaibu, Mkuu wa Wakuu, mzee mwenye tumbo la heshima. Nyuma kabisa alikuwapo Fumbwe. Bi Mashavu alimwuliza yeye ni nani.

"Mimi ndiye Daktari wa hapa," akasema Fumbwe.

"Daktari wa hapa yuko mezani. Amelala. Wewe ni nani?"

Fumbwe akafikiri, akasema yeye ni mgeni tu.

Basi wakalizunguka koti. Wa ngozi alisema ni ungulio la juu. Wa ndani akamwonyesha meza inavyoonekana kupitia tunduni, akamwuliza kama hiyo meza nayo ni ya juu. Mmoja akataka kola ipimwe joto. Mwingine alishauri mkono wa kushoto utenganishwe na wa kulia, usije ukaambukizwa. Walizungumza lugha yao, wakanywa soda zao walizokuja nazo kwenye barafu, na hatua chache kutoka hapo Chande alikuwa amelala mkekani anapumua kwa kukatakata, na nzi wanamjua.

Ngwali alimwendea Profesa akamgusa bega, akamwonyesha. Profesa hakugeuza shingo. Akaeleza, kwa upole uleule wa Waziri, kuwa yule ni mgonjwa wa daktari wa Ukingoni. Kumgusa ni kumwibia mwenzako mgonjwa, tena mwenzako akiwa taabani. Hakuna ufisadi mkubwa kuliko huo katika taaluma.

"Na huyu je?" Ngwali akamwonyesha Fumbwe. "Si ndiye mwenye koti?"

"Huyu ni mwili," akasema Profesa. "Mwili wake umepangiwa Kitovu."

Fumbwe alikuwa anamtazama Chande. Alikuwa amesomea kupasua matumbo, na tangu amalize masomo hajapasua hata embe. Kitovu alipewa sikio la kushoto la mfanyabiashara mmoja, kwa zamu, na wenzake kumi. Alijua anachokiona mkekani. Alijua pia kinakwenda wapi kabla ya jua kutua. Ngwali alimwona anavyofungua na kufumba vidole.

Bi Mashavu hakuwa anasikiliza mabishano. Alipita katikati ya madaktari, akasema samahani mabwana, akalichukua koti mezani.

"Unamfanya nini mgonjwa?" Profesa akauliza.

"Mnampima akiwa kitambaa, Profesa. Mtaonaje mapigo ya moyo? Mimi ndiye mtunza, namweka sawa." Akapiga magoti mkekani. "Chande, nyoosha mkono. Na huu. Hivyo hivyo, baba."

Akamvalisha mumewe koti, akamfunga vifungo mpaka shingoni, akaikunjua kola. Tundu lilikaa kinenani, upande wa kulia, na ndani yake ngiri ilionekana, imekuwa ya zambarau, inang'aa.

Madaktari wakamtazama Profesa. Profesa akatazama koti, akatazama tundu, akainama akatazama ndani ya tundu. Watu wa Ukingoni wote walikuwa madirishani. Ngwali alisema baadaye kuwa hajapata kuona mtu mzima akifikiri kwa taabu namna ile. Jasho lilimtoka mzee wa watu mpaka miwani ikateleza. Akisema yule si daktari, amesema makoti ya nchi nzima si madaktari, na yeye mwenyewe amepanda cheo kwa makoti hayo. Akisema ni daktari, basi.

"Maradhi yamepenya," akasema mwishowe. "Yalianzia kwenye nguo yakaingia tumboni. Mwenzetu yuko hatarini. Nani hapa anajua kupasua?"

Walikuwapo mabingwa wa kupasua wa kila aina, lakini wote, kumbe, walikuwa wa kupasua kwa maandishi. Waliangalia viatu vyao. Fumbwe akakunja mikono ya shati.

Walimwinua Chande wakampandisha mezani. Kitambaa cha koti kikakatwa kufuata tundu, Fumbwe akapiga sindano ya ganzi, akasubiri, akashika kisu. Chande, ambaye maumivu yalianza kumlegeza, alifumbua macho akaona vichwa juu yake vimejaa kama kwenye shimo la choo kilichoangukiwa na sarafu.

"Wote hawa wangu?" akauliza.

"Wako wewe, Daktari," Bi Mashavu akasema. "Nyamaza."

Utumbo ulikuwa umekabwa shingoni kama mbuzi kwenye kamba fupi, umegeuka mweusi. Fumbwe alikata kilichoukaba, akaufunika kwa kitambaa cha maji moto, akakaa anautazama. Profesa alitaka kutoa maoni. Fumbwe, bila kuinua kichwa, akamwambia anyamaze, na Profesa Shaibu akanyamaza. Polepole rangi ikaanza kurudi, kwanza kama divai, halafu kama ulimi wa mtoto. Akaurudisha ndani, akashona.

Sasa ilibaki kungoja. Ngwali alidhani wanangoja homa, lakini Fumbwe akaeleza kuwa tumbo lililofungwa likifunguka hutoa habari lenyewe, na ndiyo dalili anayoitaka. Basi wakakaa. Madaktari wa Kitovu, mabingwa kwa maprofesa, walikaa sakafuni kuizunguka meza, wameshika pumzi, masikio wameyaelekeza upande mmoja. Chai ilipoa. Jua lilipinduka. Watoto madirishani walikatazwa hata kujikuna.

Lilipokuja lilikuja refu, la kuburuza, lenye kuanza kwa mashaka na kumaliza kwa uhakika.

Fumbwe akakaa chini akajifunika uso kwa mikono. Bi Mashavu aliliegemea dirisha, mabega yanamtikisika, na Ngwali hakujua kama analia au anacheka, na hakuona sababu ya kuuliza.

"Daktari amejamba," Profesa akatangaza kwa sauti ya kazi, na mwandishi wake akaandika.

Yaliyowapata baada ya hapo ni haya.

Chande alipona. Alirudi kujenga nyumba za watu, na akazoea kulalamika kuwa tangu bi mdogo aondoke hana wa kumsingizia anapochelewa kazini.

Bi Mashavu alishtakiwa kwa kumjeruhi daktari. Mahakama iliona kuwa majeruhi amepona na hana kinyongo, ikamwachia, lakini utunza alinyang'anywa. Anakaanga vitumbua mbele ya zahanati.

Profesa Shaibu alipewa nishani kwa kumwokoa mwenzake.

Fumbwe alipatikana na hatia ya kuwa mahali pamoja na koti lake, jambo lililoifanya Ukingoni kuwa na madaktari wawili na kuharibu mgawanyo wa nchi. Alifutwa. Akavuka mpaka, na mara ya mwisho Ngwali kusikia habari zake alikuwa anapasua watu kwenye nchi isiyo na hesabu.

Msabaha alihamishwa. Ngwali naye aliondoka Ukingoni kabla hajaombwa.

Habari ya majaribio ya vijiji vingine, kila kimoja kikimvika koti mgonjwa wake, ilifika Kitovu upesi. Baraza Kuu lilikaa kwa dharura, likapitisha kwamba madaktari wa vijijini kuanzia sasa watatengenezwa kwa bati, kipande kimoja, bila vifungo wala mikono ya kuingiza mtu. Bati haliungui, haliugui, halivaliki. Ukingoni walipelekewa lao kabla ya masika.

Masika hayo Mwanaidi, binti wa mfinyanzi, alishikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, na mtoto alikaa vibaya. Walimlaza mbele ya bati siku mbili. Alizikwa na mwanawe kaburi moja. Watu wa Ukingoni, kwa kuwa ni watu wa sheria, walimbeba Daktari mabegani mpaka makaburini, wakamsimamisha mstari wa mbele.